Umegusa gari ya mtu: mwongozo kamili wa kusimama baada ya ajali ndogo, Unguja na Pemba

Kile kishindo kidogo kila dereva anakijua. Hakitishi. Ni kama mtu aliyegonga sufuria kwa ufunguo. Unarudi kinyumenyume pale Darajani, jua la saa saba, mbele yako mchukuzi na rikwama lake, nyuma yako mtu wa vespa aliyedhani utamsubiri apite, na mara: ko! Unatizama kiooni. Vespa haijaanguka, mwenyewe bado ana kofia yake kichwani. Hapo ndipo mguu wa kulia unapoanza kushauriana na shetani: ni kidogo tu, hakuna aliyeumia, gari za nyuma zinapiga honi, twende zetu.

Usende.

Nilikaa kwenye usukani wa daladala ya 502, njia ya Bububu, kwa miaka 11 kabla sijahamia gari ya kukodi. Mikwaruzo niliyoiona siwezi kuihesabu, yangu na ya wenzangu. Mingi ilimalizika kwa pole, soda na kopo la rangi. Michache ilifika mahakamani, na katika hiyo michache karibu kila mara dereva alikuwa ameondoka. Bati lililobonyea lilikuwa na bei yake, lakini kukimbia kukawa kesi nyingine kabisa, iliyo kubwa kuliko bati lenyewe.

Sheria inakutaka nini

Zanzibar ina sheria yake ya barabarani, Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003. Anayevuka na gari yake kutoka Dar es Salaam amezoea ile ya Bara ya mwaka 1973. Polisi wenyewe ni jeshi moja pande zote mbili, na kwenye jambo hili la ajali wajibu wa dereva ni ule ule: gari yako ikihusika katika ajali, unasimama, kama kuna aliyeumia, unamsaidia, mwenye haki ya kukuuliza unampa jina lako, unapokaa, jina la mwenye gari na namba ya gari, na ukishindwa kubadilishana habari hizo, au kukiwa na majeruhi, unakwenda kuripoti kituo cha polisi mapema uwezavyo.

Neno la kushika hapo ni "kuhusika". Sheria haikuulizi kwanza nani mwenye kosa. Hata kama yeye ndiye aliyekuparamia wewe ukiwa umesimama pale Mwanakwerekwe, wajibu wa kusimama na kujitaja ni wenu nyote wawili. Madereva wengi hili hawalijui. Anayeona amegongwa hujihisi huru: anatukana, anatizama bampa yake, anaona haikuharibika, anaondoka. Wiki ya pili anaitwa kituoni, maana yule mwenziwe alifika kwanza na kusema alivyotaka kusema.

Na kuna hofu nyengine, kubwa zaidi: kwamba nikisimama nimekubali kosa. Hapana. Kusimama ni kusema "mimi nilikuwepo". Kosa linaamuliwa baadaye, kwa alama za barabarani, picha, mashahidi na ramani atakayoichora askari. Unaweza kusimama, kushuka, kumpa mtu maji, kumwandikia jina lako na namba ya simu, na bado ikaonekana kuwa yeye ndiye aliyeingia njia kuu bila ya kutizama.

Kwanza: simama pale pale

Pale pale si mbele ya duka la rafiki yako. Wapo wanaosema "nilikuwa natafuta pahala pazuri pa kuegesha", wakaenda kupapata nusu kilomita mbele. Aliyebaki nyuma haoni mtu anayetafuta maegesho, anaona mtu anayekimbia, na atakimbilia boda boda akufuate. Sogea pembeni ikiwa njia imezibwa na hakuna aliyeumia, lakini usitoke kwenye macho ya yule mliyegongana.

Washa taa zote za indiketa kwa pamoja, vuta breki ya mkono, zima injini, toa ufunguo. Kuhusu ufunguo nasisitiza: kwenye ajali watu hujaa, na katika watu waliojaa hakukosi mwenye kiherehere atakayetaka kukusogezea gari bila ya kuombwa.

Kisha pembetatu ya hatari. Mjini, kwenye mwendo wa kusukumana wa Mlandege au Michenzani, iweke hatua chache nyuma, inatosha. Nje ya mji ni habari nyengine. Kwenye kona za barabara ya Chake Chake hadi Wete, au pale Jozani ambapo miti inaficha njia, pembetatu iliyowekwa mita 5 nyuma ya gari ni pambo. Irudishe hadi kabla ya kona ilikoanzia, ili anayekuja aione kabla hajakuona wewe. Huna pembetatu? Kata matawi ya miti uyatandaze ukingoni kwa masafa, kama wafanyavyo madereva wa malori. Na ukiondoka yaondoe. Tawi lililosahauliwa usiku ni ajali nyengine ya mtu mwengine.

Pili: tizama watu kabla ya bati

Nawaona madereva wakishuka, jambo la kwanza ni kuinama kwenye bampa, mkono kiunoni. Aliye chini ya vespa anasubiri.

Anza na aliyekuwa hana bati la kumkinga: mwenda kwa miguu, wa baiskeli, wa vespa na aliyempakia nyuma. Kisha abiria wako. Uliza majina yao, waache wajibu. Anayejibu kwa kuchanganya maneno, anayetapika, anayesinzia, aliyepoteza kumbukumbu ya dakika ile, huyo ni wa hospitali hata kama hana tone la damu. Anayetoka damu, bonyeza pahala hapo kwa kitambaa safi na usiachie. Aliyelala akilalamikia shingo au mgongo usimwinue, na wazuie wale wanne watakaokuja mbio kumbeba mikono na miguu. Msogezeni tu ikiwa pale alipo kuna hatari nyengine, kama moto au gari zinazokuja. Kofia ngumu iliyo kichwani usiivue kwa nguvu.

Sasa nije kwenye jambo linalowaponza madereva wema kuliko jengine lolote: mtoto anayesema hajaumia.

Ni saa za skuli kutoka, watoto wamejaa ukingoni na mikoba yao. Mmoja anakatisha, unapiga breki, bampa inamgusa, anaanguka, anainuka. Unashuka umepauka. Mtoto anakung'uta vumbi, anasema "sijaumia", na kabla hujamaliza kumshukuru Mungu ameshaingia kichochoroni. Anaogopa kupigwa nyumbani kwa kukatisha barabara. Wewe unapumua, unaondoka. Usiku mtoto anaanza kulalamika tumbo au kichwa, mama anamhoji, na mtoto anasema kweli: niligongwa na gari. Gari gani? Nyeupe. Dereva alisemaje? Aliondoka.

Kwa hadithi hiyo wewe ni mtu aliyegonga mtoto akakimbia, na hakuna shahidi wa kusema vyengine. Mtoto hawezi kukusamehe kisheria, wala hajui kama ameumia. Kwa hivyo: usimwachie aondoke peke yake. Muulize anakaa wapi na anasoma skuli gani. Muombe mtu mzima aliyepo, bora mwanamke anayemjua mtoto, afuatane nanyi. Nendeni kwa wazazi. Kama hawapo, kwa mwalimu mkuu au kwa sheha wa shehia hiyo, na muda huo huo piga simu polisi. Kisha mtoto akatizamwe na daktari. Mzazi akisema "haina haja, baba, mtoto mzima", mshukuru na uendelee kuomba aende. Gharama ya kuangaliwa ni ndogo.

Hayo hayo kwa mzee wa baiskeli anayeona haya kukusumbua. Wazee wetu wengi, ukiwauliza, watakwambia "mzima, mwanangu, nenda na shughuli zako" huku wamekamata mbavu.

Kwa matibabu ya majeruhi wa ajali, kituo cha polisi hutoa fomu namba 3, ile watu waiitayo PF3. Aliyeumia kidogo, mnapita kituoni kuichukua kisha hospitali. Aliyeumia vibaya, hospitali kwanza, na mtu mmoja afuate fomu. Mjini ni Mnazi Mmoja au Lumumba, kaskazini Kivunge, kusini Makunduchi, Pemba ni Chake Chake, Wete, Micheweni, au Abdalla Mzee kule Mkoani. Ukimpeleka majeruhi kwa gari yako mwenyewe, gari uliyogongea, mwachie mtu wa kuaminika habari za ulikokwenda na namba yako ya simu, piga 112 uwaambie polisi, kisha ukitoka hospitali nenda kituoni moja kwa moja. Ukipitia nyumbani kubadilisha nguo utalieleza hilo kwa mpelelezi.

Kama watu wamepandisha hasira

Hapa visiwani si jambo la kila siku, lakini hutokea, khasa aliyegongwa akiwa mtoto. Wanakuja na mawe, wengine hata hawakuona kilichotokea. Sheria inakutaka usimame; haikutaki upigwe. Ukiona hali inageuka, ingia ndani ya gari, funga milango, na uende kituo cha polisi cha karibu pasipo kupita popote: Malindi, Ng'ambo, Madema, Mwanakwerekwe, Fuoni, Bububu, kwengineko kile kilicho karibu. Piga simu ukiwa njiani ikiwa yupo wa kukupigia. Ingia, jitaje, sema umegonga wapi, na kwamba aliyeumia bado yuko pale anahitaji msaada. Uandikwe saa uliyofika. Kinachokutofautisha na dereva aliyekimbia ni dakika, na dakika hizo zimo kwenye kitabu cha kituo.

Tatu: picha kabla ya maneno mengi

Kama hakuna majeruhi, kabla hamjasogeza gari, toa simu. Piga picha ya mbali, inayoonesha gari zote mbili zilivyokaa na kitu kisichohama nyuma yake: mnara wa msikiti, nguzo ya umeme, kona ya duka. Kisha za karibu: namba za gari, pahala palipoharibika kwa kila gari, vipande vya taa chini, alama za breki. Piga na lile lisilohusika, mfano ubavu wa pili wa gari ya mwenzako ambao tayari una mkunjo wa zamani, ili mkunjo huo usije ukazaliwa upya gereji. Piga na yako vilevile, kwa uaminifu.

Kukiwa na aliyeumia, gari zibaki zilivyo mpaka trafiki afike apime, isipokuwa kumwokoa mtu kunalazimu kuzisogeza. Hapo weka mawe au chaki pale matairi yalipokuwa.

Mashahidi watafute mapema, maana hupotea haraka. Wa kwanza usimtafute ndani ya gari yako. Konda wako, mkeo, rafiki yako, hao watasikilizwa lakini kila mtu anajua wamekaa upande gani. Mtafute muuza madafu aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Huyo yupo pale kila siku, amekaa, ana muda wa kutizama, na hana deni na yeyote. Mwombe jina na simu, umwambie wazi kwamba pengine ataulizwa.

Nne: kubadilishana habari

Salamu kwanza. Hata katikati ya ghadhabu, "asalamu alaikum, pole, umeumia?" hushusha joto kuliko hoja yoyote. Kusema pole si kukubali kosa. Kwetu pole tunampa hata aliyejikwaa mwenyewe. Lakini usivuke hapo ukasema "kosa langu, nitalipa zote". Hujaijua bei, hujui kama breki zake zilikuwa nzima, na kampuni ya bima kwa kawaida haipendi mteja wake ajihukumu barabarani kabla ya kuiuliza. Sema: "Tupeane majina, tuangalie, tuzungumze."

Andika jina lake na lako, simu, mtaa au shehia, namba za gari, jina la mwenye gari kama si dereva, kampuni ya bima na tarehe bima inapokwisha, pahala na saa. Pigia simu namba aliyokupa mkiwa bado mmesimama, simu yake ilie mkononi mwake. Mara ngapi nimeona namba zenye tarakimu moja ya kubuni! Bima unaweza kuihakiki pale pale: TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ina mfumo wa mtandaoni ambao ukiingiza namba ya gari unakuonesha kama bima yake iko hai.

Leseni yako mwoneshe, aipige picha akitaka, isitoke mkononi mwako. Leseni ya rehani ni mchezo mbaya. Anayeishika si askari na siku ya kuirudisha ataongeza bei.

Kuna madereva wa namna tatu ambao wana mambo yao.

Dereva wa daladala ana haraka ya kweli. Gari si yake, jioni anadaiwa hesabu na tajiri wake, na kila dakika aliyosimama abiria wanashuka. Nalijua hilo, nimelila. Konda atakuja na shilingi elfu kumi amezikunja kiganjani na kukwambia "shika hii, mzee, tusamehe". Ukiipokea bila ya karatasi umeshauza madai yako. Chukua jina la dereva, namba ya njia, na khasa simu ya tajiri, maana ndiye mwenye bima na mwenye mfuko.

Gari ya serikali yenye namba za SMZ: dereva wake hawezi kukubaliana nawe chochote cha maana pale barabarani, hata akitaka. Chukua jina lake na taasisi anayofanyia kazi, kisha jambo lipite polisi.

Na mgeni wa vespa ya kukodi, kule Paje au Nungwi, ambaye pengine kwao wanaendesha upande wa kulia na jana ndiyo mara yake ya kwanza kushika kushoto. Yeye naye anatakiwa awe na kibali cha kuendesha hapa. Mwambie akuoneshe hicho na karatasi ya kukodia; juu yake kuna jina na simu ya mwenye vespa, na huyo ndiye wa kumwita. Pasi yake ya kusafiria usiichukue. Si yako, na hutaki kuja kueleza ilikuwaje ikawa mfukoni mwako.

Mwenyewe hayupo

Hapa ndipo dereva anapojipima, kwa sababu hakuna anayemtizama. Au ndivyo anavyodhani.

Mwaka mmoja, mwezi wa Ramadhani, saa kumi na moja jioni, mji mzima ukikimbilia futari, nilirudi nyuma Mkunazini nikaivunja taa ya gari iliyoegeshwa. Hapakuwa na mtu. Nikatizama kulia, kushoto, nikaona ni mimi na paka. Nikawaza chai ya futari. Bahati nzuri nilishuka kutizama gari yangu kwanza, na juu kidogo, nyuma ya mashrabiya, kikohozi cha bibi. Hakusema neno. Alikohoa tu.

Basi fanya hivi. Waulize walio karibu: barza ya kahawa, duka, mlinzi, imamu. Kwenye mji kama huu mwenye gari hujulikana kwa dakika tano, "ah, hiyo ya mwalimu, yuko msikitini." Ukimkosa, andika karatasi: jina, simu, namba ya gari yako, na maneno machache ya kilichotokea, uibane chini ya waipa. Kama ni masika, itie ndani ya mfuko wa nailoni, mvua isije ikaifuta. Piga picha ya karatasi ikiwa hapo. Mpe habari mtu mmoja wa mtaa, jina lake ulishike. Na bado karatasi peke yake haitoshi, inaweza kuruka na upepo; ripoti kituoni siku hiyo hiyo.

Mali si gari tu. Ukuta, geti, meza ya muuza samaki, bomba la maji, vyote vina mwenyewe. Nguzo ya umeme ukiigonga usishuke kabla hujahakikisha hakuna waya uliogusa gari, na shirika la umeme, ZECO, lipewe habari. Mbuzi na ng'ombe vilevile: mwenye mnyama anaweza kuwa na lawama ya kumwachia kamba ndefu ukingoni, lakini lawama yake haikuondolei wewe wajibu wa kusimama na kumtafuta.

Pemba, msimu wa karafuu, kuna la ziada. Majamvi yanatandazwa pembezoni mwa njia, karafuu zikianikwa, na kona ikibana tairi hupanda. Hakuna kishindo, hakuna bati, na dereva wa mjini hajui hata kama amefanya kitu. Lile jamvi ni jasho la wiki nzima la waliokwea mikarafuu, wakachuma na kuchambua, na linasubiri mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Simama, omba radhi, zitizameni pamoja zilizopondeka, zipimwe, mkubaliane kwa kilo.

Tano: lini lazima polisi

Mwite trafiki au nenda kituoni bila ya mjadala ikiwa mtu ameumia hata kidogo, ikiwa kuna mtoto, ikiwa mmoja wenu hana leseni au bima, ikiwa unahisi mwenzako amelewa, ikiwa ni gari ya serikali, ikiwa hamkubaliani, ikiwa mwenye mali hayupo, au ikiwa unakusudia kudai bima. Yaliyobaki, kwa ufupi, ni yale ya bampa kwa bampa baina ya watu wazima wawili wenye karatasi zao.

Ukifika kituoni eleza ulichokiona, si ulichokihisi. "Nilikuwa natoka Amani naelekea Mwanakwerekwe, mwendo wa polepole, gari ya mbele ilisimama ghafla" inatosha. "Yule jamaa ni mhuni" haimsaidii mwandishi. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui. Maelezo yakishaandikwa, yasome yote kabla ya kutia saini, na lisilo sawa liombe lirekebishwe. Uliza jina la askari anayeshughulikia na namba ya jalada, uziandike. Trafiki atakapochora ramani ya ajali, kuwa karibu utizame. Ni haki yako kumwonesha alama ambayo hakuiona.

Sita: kumalizana kwa masikilizano

Watu wetu hupenda kumalizana, na mimi naliunga mkono, kwa hasara ya mali tu. Lakini masikilizano ya mdomo hudumu mpaka mmoja afike nyumbani na mkewe aulize "ndiyo umekubali hiyo?"

Kwanza bei. Nendeni wote wawili kwa fundi bodi, ikiwezekana wawili tofauti, mpate makadirio yaliyoandikwa: kunyoosha, kupaka rangi, kifaa. Kisha muandike, nakala mbili, mbele ya shahidi. Sheha anafaa sana, kwa kuwa anajulikana na muhuri anao. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Sisi, (jina) mwenye gari namba (…) na (jina) mwenye gari namba (…), tumegongana tarehe (…) saa (…) pahala (…). Hakuna aliyeumia. Kilichoharibika ni (…). Tumekubaliana (jina) atamlipa (jina) shilingi (…) ifikapo tarehe (…). Malipo hayo yakishafanyika hakuna atakayemdai mwenzake tena kwa uharibifu huu." Kisha majina, saini, shahidi.

Maneno "uharibifu huu" yamewekwa makusudi. Usisaini karatasi inayosamehe kila kitu kwa siku zote. Shingo huanza kuuma siku ya pili, ya tatu. Lipa kwa simu kuliko taslimu, ujumbe wa muamala ni risiti isiyochanika. Na ujue kwamba masikilizano yenu ni ya fedha. Kama kuna kosa la barabarani na polisi wameshalishika, karatasi yenu haiwafungi mikono.

Saba: bima

Mpigie wakala wako siku ile ile au inayofuata, hata kama mmemalizana. Muda wenyewe wa kutoa taarifa umeandikwa kwenye mkataba ambao, nakiri, hata mimi niliusoma mara ya kwanza baada ya ajali ya tatu. Wengi hapa wamekata bima ndogo, iwe ya Shirika la Bima la Zanzibar lililopo tangu 1969 au ya kampuni nyengine. Bima ndogo inashughulikia hasara uliyomtia mwenzako. Gari yako utaitengeneza mwenyewe. Bima kubwa inagusa na yako, lakini huwa kuna kiasi cha mwanzo unachokibeba wewe, na kwa mkwaruzo mdogo pengine kiasi hicho kinapita bei ya fundi. Piga hesabu kabla ya kufungua madai.

Watakutaka ripoti ya polisi, ramani ya ajali, nakala ya leseni, kadi ya gari, picha na makadirio ya gereji. Usitengeneze gari kabla hawajaikagua. Ripoti ya polisi haiji yenyewe: rudi kituoni, uliza kwa namba ya jalada, rudi tena.

Kwa hayo yote, weka bahasha kwenye dashibodi leo: nakala ya leseni, kadi na bima, karatasi tupu, chaki, mfuko wa nailoni, namba za wakala wako na za kituo cha njia unayoipita sana. Na kalamu mbili. Moja huondoka na yule mliyegongana.